Toleo Lijalo

Nilivuka barabara mchana kweupe, na baba alikuwa mlangoni akinitazama. Miwani alikuwa ameipandisha hadi kwenye paji la uso, bisibisi mkononi, kama anavyosimama akimsindikiza mteja ambaye mashine yake haikupona. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitarudi, na nikirudi nitakaa kwenye lile benchi lake hadi nizeeke, nikingoja kitu ambacho hata wanaokitengeneza hawajakifikiria bado. Barabara yenyewe ni nyembamba. Mtu akipiga chafya upande wetu, upande wa pili wanamwombea uzima. Siku ile niliiona pana.

Baba ni fundi wa kompyuta. Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, taa ya shingo ya kupinda, na harufu ya lehemu iliyotufuata hadi kitandani. Tuliishi hapo nyuma, vyumba viwili na jiko. Tangu mama afariki tulikuwa wawili tu, na shangazi, dada yake baba, ambaye kila Jumapili alikuja kutukagua, akafungua masufuria yetu, akaguna, akaondoka.

Kompyuta nzima haiji kwa fundi. Maisha yake yote baba aliletewa zilizomwagiwa chai, zilizokaliwa na watoto, zilizozimika mtu akiwa katikati ya sentensi. Aliziita marehemu, hata zile alizozifufua. Na kwa kuwa alijua kila aina inakufa kwa ugonjwa gani, hakuna hata moja aliyoweza kuisifu. Hii inakufa bawaba. Ile inakufa betri, inavimba kama shavu lenye jino bovu. Hii nyingine ni nzuri sana, alikuwa akisema, mpaka siku utakapoifungua.

Watu walipita kumwuliza wanunue ipi, maana ushauri wa baba ulikuwa wa bure. Jibu lake lilikuwa moja. "Subiri toleo lijalo. Hilo la sasa wamelikosea." Toleo lijalo likija, likafika mezani kwake, akalifungua, akakuta ugonjwa mpya. "Subiri lijalo," akasema tena, kwa sauti ileile ya upole. Wapo waliosubiri hadi wakasahau walitaka kompyuta ya nini.

Mwenye duka la upande wa pili alikuwa anauza mpya. Baba alimbatiza Mheshimiwa, kwa sababu jua liwake mvua inyeshe yeye alivaa koti na tai. "Fundi," Mheshimiwa alikuwa akipaza sauti kutoka mlangoni kwake, "wateja wakiendelea kukusikiliza, mimi nitakula vioo hivi." Naye baba hujibu bila kuinua kichwa, "Vitafune polepole, ni vya plastiki." Miaka yote waliyotaniana hivyo sikuwahi kumwona hata mmoja akivuka kwenda kwa mwenzake. Utani wao ulikuwa unavuka wenyewe.

Mimi nilikuwa nachora vibonzo vinavyotembea. Nilianza na matangazo madogomadogo: sabuni inayocheza ngoma, jino linalomkimbia mswaki. Kisha mwanamke mmoja, mkuu wa wachoraji kwenye studio ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, akanipigia simu. Alikuwa ameona vipande vyangu. Akasema anataka kimoja kamili, dakika moja inamtosha, ndani ya mwezi huo. "Nikikipenda," akasema, "unahamia huku. Usinichoree kinachochekesha. Nichoree mtu mwenye uzito."

Nilijua mara moja nitamchora nani. Bibi kizee amechelewa kurudi nyumbani, anavua viatu chini ya ngazi, anapanda kwa soksi ili asimwamshe mumewe. Basi, ni hivyo tu. Lakini uzito wa mtu hauko kwenye mwili wake. Uko kwenye ule muda mdogo kabla mguu haujatua, anapojiuliza kama ubao utalia. Muda huo ukizidi, bibi anaelea. Ukipungua, anakuwa askari. Lazima uchore, uchezeshe, utazame, ufute, uchezeshe tena. Na mashine yangu ilikuwa haichezeshi.

Ilikuwa mojawapo ya marehemu wa baba, aliyonifufulia nilipomaliza shule. Feni yake ilizunguka ikijisikia. Nikichezesha, bibi yangu anainua mguu, anaganda, mguu uko hewani, mashine inaunguruma na kuchemka, mimi nimesimama nikiipepea kwa jalada la kitabu. Niliiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa. Niliiweka dirishani. Siku moja niliiweka karibu na mtungi wa maji, shangazi akaniuliza kama sasa nataka kuitia ndani kabisa.

"Feni nimeagiza," baba alisema. "Subiri itafika."

Pesa ya kununua mpya nilikuwa nayo. Sabuni na jino vilinilipa vizuri. Kwa hiyo swali halikuwa pesa. Swali lilikuwa lini. Kwa Mheshimiwa kulikuwa na laptop niliyoipenda, imewekwa mbele kabisa, na kila siku niliamka nikisema leo. Lakini baba alisema toleo jipya linatoka muda si mrefu, tena wamebadilisha mfumo wote wa kupoza, na kununua la sasa ni kununua jeneza. Nami nikaanza kufuatilia. Jamani, nisiseme uongo, ule ugonjwa unaambukiza. Nilisoma uvumi wa kila aina. Nililinganisha betri na betri, uzito na uzito, mpaka nikajua mashine nisiyo nayo kuliko bibi niliyekuwa namchora. Nikikaa, nataka kusimama. Nikisimama, nakwenda dirishani kutazama kioo cha Mheshimiwa kama mtu aliyeacha chungu jikoni kwa jirani. Chakula hakipiti. Usingizi wa mang'amung'amu. Nikisema nanunua, roho inaniambia utajuta likitoka jipya. Nikisema nasubiri, roho ileile inaniambia mwezi unakwisha. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na mimi tumbo liliniuma kwelikweli, nikanywa dawa.

Toleo lilitangazwa. Likaahirishwa. Likatangazwa tena.

Siku lilipofika kwa Mheshimiwa, baba alivua aproni yake, akanawa mikono, akavuka barabara. Mtaa mzima ulitazama. Mheshimiwa mwenyewe alimtolea kiti, akaiwasha mashine, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayesubiri posa yake ijibiwe. Baba aliinyanyua, akaigeuza, akaweka sikio kwenye tumbo lake, akasikiliza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa dirishani kwetu nikiuma kucha. Nilikuwa nimeomba, kwa kweli nilikuwa nimeomba, aipende.

Alirudi akavaa aproni.

"Wamebadilisha kifuniko," akasema. "Feni ni ileile, wameigeuza upande tu. Lijalo ndilo litakuwa zuri."

"Lijalo lini, baba?"

"Wanasema mwakani."

"Baba, mwezi unakwisha."

"Kazi ya kweli haikimbii, mama," akasema, akawasha taa yake, akainamia marehemu wa siku hiyo.

Kesho yake alitoka kwenda kumrudishia mteja mashine, nami nikaona heri niifungue yangu mwenyewe nipulize vumbi, pengine itanipa siku mbili tatu za maisha. Nilitafuta bisibisi ndogo. Haikuwa mezani. Nikafungua droo ya chini, ile ya vitambaa vya kufutia, nikapekua, na mkono wangu ukagusa mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na feni.

Mimi ni mtoto wa fundi. Nilijifunza kuhesabu kwa kutumia skrubu. Sikuhitaji kuambiwa, lakini nilitaka kuona kwa macho, basi nikachukua bisibisi nyingine, nikaifungua mashine yangu, nikatoa feni yake mbovu, nikaiweka ile mpya mahali pake. Ilikaa. Matundu ya skrubu yalitazamana sawasawa. Mfuko ulikuwa haujawahi kufunguliwa kabla yangu, na juu yake palikuwa na vumbi la kutosha kuandikia jina.

Baba aliporudi alinikuta nimesimama pale.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Feni."

"Ya nani?"

Akatundika koti lake. Alichukua muda mwingi sana kulitundika. "Siyo saizi yake hiyo," akasema.

"Baba, imekaa. Hii hapa, itazame."

Hakuitazama. Mtu ambaye hawezi kupita karibu na redio iliyofunguliwa bila kuinama, hakuitupia meza hata jicho. Alinitazama mimi. "Siyo saizi yake," akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, na nikaona kwamba anajua kuwa ninajua.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Baba yangu alikuwa hajawahi kunidanganya. Hata alipokufa mama, wakati kila mtu alikuwa ananiambia amesafiri, yeye ndiye aliyenikalisha akaniambia amekufa. Nilifikiria mwezi wote ule, sufuria, jalada la kitabu, bibi yangu na mguu wake hewani. Sikupiga kelele. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na baba akanifuata hadi mlangoni, akaishia hapo.

Mheshimiwa aliniona nikija, akajifunga tai vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Baba anajua?"

"Anatuona."

Alitazama ng'ambo, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote mdomoni. "Mwanangu, nikikuuzia, mimi na fundi tutatazamana vipi?"

"Kama siku zote. Kwa mbali."

Akashusha sauti. "Kwa kweli, ungesubiri kidogo tu. Hili jipya likizoeleka, bei yake—"

"Na wewe?" Nilicheka, kicheko kibaya, hata wateja wengine wakageuka. "Na wewe Mheshimiwa? Nipe ile ya mbele. Siyo jipya. Ile niliyokuwa naitazama toka zamani. Inawaka?"

"Inawaka."

"Basi nifungie."

Nilirudi nimelikumbatia boksi kifuani. Baba alikuwa palepale mlangoni. Nilipomfikia alinyoosha mkono. "Lete niiangalie."

Hakusema kwa ubaya. Kwetu kitu chochote kipya kilipita kwanza mikononi mwake: pasi, redio, mwavuli, hata viatu vyangu vya shule alivipindua akavibonyeza soli kabla sijavivaa. Ulikuwa ndio ukaribisho wa vitu nyumbani kwetu. Mkono ulinyooka wenyewe.

"Hapana, baba," nikasema. "Hii usiifungue."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha akautia mfukoni. Nimechora mikono mingi tangu siku ile, mikono ndiyo sasa najulikana nayo kazini, na ule sijauweza.

Bibi kizee alipanda ngazi zake. Nilifanya kazi kama mwendawazimu, mlango nimeufunga, na mashine mpya haikutoa hata mlio. Niliona kosa, nikalifuta papo hapo. Niliona uzito ukiingia kwenye ule mguu wa soksi, nikalia. Nilituma kazi kabla mwezi haujaisha, na yule mkuu wa wachoraji akapiga simu akasema neno moja tu: "Njoo." Nilipomwambia baba alisema ni vizuri. Siku zilizofuata tulizungumza habari za chumvi na umeme.

Shangazi alikuja nikiwa napanga nguo. Baba alikuwa mbele na mteja. Alikaa kitandani mwangu, akachukua blauzi niliyoikunja, akaikunjua, akaikunja upya kwa namna yake.

"Mna nini nyie wawili?"

Nikamweleza habari ya feni. Nilitarajia aghadhibike pamoja nami. Badala yake akatikisa kichwa taratibu.

"Na wewe ukadhani kaka yangu anangoja kompyuta."

"Anangoja nini basi?"

"Hangoji kitu. Alikuwa anakuchelewesha. Mashine mbovu ndiyo iliyokuwa inakupeleka kwenye meza yake kila siku ya Mungu. Baba imezima, baba imechemka, baba njoo uone. Mwenzio alikuwa ana miadi na wewe." Akaweka blauzi kwenye sanduku. "Alikosea. Tena sana, nami nitamwambia. Lakini na wewe nikuulize. Pesa ulikuwa nayo. Duka liko hapo, ukitema mate yanafika. Mwezi mzima ulikuwa unangoja nini?"

La kwangu sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilimsikia baba kule mbele akimwambia mteja kwamba hii inakufa bawaba, na nikajisikia vibaya, siwezi kusema kwa namna nyingine, nilijisikia vibaya mwili mzima. Hasira haikuondoka. Ilipata tu mwenzake wa kukaa naye.

Asubuhi ya safari baba alinibebea sanduku hadi kwenye basi. Alikagua matairi. Aliniambia niketi upande usio na jua. Basi lilipounguruma akagonga dirisha, akasema, "Ikisumbua, ilete."

"Nitaileta, baba."

Haikusumbua. Hilo ndilo lililonitesa. Mashine aliyoikataa ilifanya kazi siku nenda siku rudi, haikupata moto, haikuzima, na baba alipiga simu kila wiki kuulizia.

"Mashine vipi?"

"Nzima, baba."

"Bawaba?"

"Salama."

"Betri haijaanza kuvimba? Ilaze juu ya meza, uone kama inayumba."

"Haiyumbi."

"Basi vizuri," anasema, kisha nasikia kelele za mtaa wetu, nasikia hata Mheshimiwa akipaza sauti ng'ambo. Nataka kumwuliza anakula nini. Yeye nadhani anataka kuniuliza nalala vipi. Lakini toka nikiwa mdogo tulizungumza juu ya kitu kilicho mezani kati yetu, na sasa kitu hicho kilikuwa kizima na meza haipo. Mara kadhaa nilitamani niimwagie chai. Siku moja niliweka kabisa kikombe karibu na kibodi, nikakitazama, nikakiondoa kwa aibu.

Kisha ikaja siku ambayo wenzangu wote studio walikuwa wamejikusanya kwenye meza moja wakibishana: toleo jipya limetangazwa, je, wanunue la sasa au wangoje? Walibishana kwa furaha, kila mtu na takwimu zake. Mmoja akaniuliza mimi nasemaje. Nikahisi ile hali ya zamani ikinipanda kutoka miguuni, siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nilikwenda kuomba ruhusa. Jioni nilikuwa naulizia mabasi ya usiku.

Nilifika dukani asubuhi. Baba alikuwa ameinama, taa imemwangukia kwenye mvi ambazo sikuziacha pale. Alitambua hatua zangu kabla hajaniona, maana alisema bila kuinua kichwa:

"Imekufa nini?"

"Haijafa, baba. Nimeiacha kule."

Hapo akainuka. Alitazama mkono wangu wa kulia, akatazama wa kushoto, akautazama mfuko wa nguo begani.

"Umeiacha."

"Nimeiacha."

"Sasa umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja tu."

Akaweka bisibisi chini. "Hapa watu hawaji tu," akasema.

"Najua."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Akanivutia taa isiniumize macho, ingawa ilikuwa haijanielekea. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akafuta meza mahali palipokuwa safi, akaniuliza tena kama nimekula. Mikono yangu haikujua ikae wapi, na yake vilevile. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na sasa sikuona hata moja. Nikatazama sakafu.

Mwanamke mmoja akaingia haraka, laptop kaiviringisha kwenye taulo kama mtoto mwenye homa. Alimsalimia baba, akaniona pale kwenye benchi, akaguna akijua amekuta foleni.

"Kumbe umenitangulia, dada. Wewe umeleta nini?"

Baba ndiye aliyejibu.

"Huyo hakuleta kitu," akasema. "Huyo ni mwanangu. Amekuja kuniona."